Mfiwa Hatafuti Kuni

Kuna maneno matatu ambayo nimeyaandika mara nyingi kuliko jina langu: sababu za kifamilia.

Kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuandikia tovuti moja ya utabiri wa kandanda. Shilingi 250 kwa kila uchambuzi, malipo kila Ijumaa kwa simu. Unaamka, unaangalia nani ameumia goti, nani ana kadi nyekundu, nani hakusafiri na timu, kisha unawaambia wenye mikeka waweke pesa wapi. Mchezaji akifiwa, klabu hutoa taarifa ya mistari miwili kwamba hatacheza kwa sababu za kifamilia. Nami nampanga kwenye orodha ya watakaokosekana, katikati ya mwenye goti na mwenye kadi, halafu naipunguzia timu yake bao moja kwenye utabiri. Mwenye mkeka hahitaji kujua kama aliyekufa ni mama au ni mtoto. Anataka tu kujua kama timu itafungwa.

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Karo iliisha kabla ya kozi, na kuandika ndiyo kazi pekee niliyoijua ambayo haikuuliza cheti. Sikutegemea kwamba kazi ya mikeka ingenifundisha kitu. Lakini ile orodha ya watakaokosekana iliniachia swali ambalo halitoki kichwani: huyu mtu aliyeacha mechi akaenda kuzika, alipwe au akatwe?

Nimeliuliza kwa kinyozi, kwenye kibanda cha chai, na ndani ya matatu za Kangemi. Jibu huja mbio. "Huyo analipwa mamilioni kwa wiki. Akatwe tu, hatalala njaa." Fundi mmoja wa mjengo, simiti bado imemkaukia mikononi, alinijibu kwa swali lake: "Mimi nikikosa mjengo siku moja, kuna mtu hunilipa? Sasa huyo ana nini cha zaidi?"

Hilo la fundi ni swali la haki na nitalirudia. Kwanza tuwaangalie hao wenye mamilioni.

Oktoba 1993, David Williams alikuwa akichezea Houston Oilers kwenye ligi ya NFL, ule mchezo wa Wamarekani wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mkewe alijifungua Jumamosi. Jumapili timu ilikuwa na mechi ugenini dhidi ya New England Patriots. Williams akabaki na mke na mtoto. Klabu ikamkata mshahara wa wiki nzima: dola 111,111. Mmoja wa makocha wake akasema kwamba hiyo ni sawa na rubani wa Vita vya Pili vya Dunia kukataa kuruka kwa sababu mkewe ana uchungu wa kuzaa.

Najua kuzaliwa si kufa. Lakini mlango ni ule ule: nyumbani wanakuita siku ambayo kazi nayo inakuita. Na katika kisa hicho kuna jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa. Oilers walishinda mechi ile. Walishinda bila Williams, na bado wakamkata. Kwa hivyo pesa zile hazikuziba pengo lolote, kwa sababu pengo halikuwepo. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wale wengine waliopanda ndege kwamba siku zao zina mwenyewe, na mwenyewe si wao.

Ligi kuu ya besiboli, huko huko Marekani, ilikuja kuchukua njia nyingine. Tangu 2003 ina orodha rasmi ya msiba. Mchezaji akifiwa na mtu wake wa karibu, au mtu huyo akiwa mahututi, anaingizwa kwenye orodha hiyo kwa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 7. Mshahara unaendelea. Klabu nayo inaruhusiwa kumwita mchezaji mwingine ajaze nafasi, ndiyo isicheze ikiwa pungufu. Hakuna anayepiga magoti kwa kocha, hakuna anayelinganishwa na rubani mtoro. Mambo yamewekwa kwenye karatasi mapema, wakati hakuna aliyelia, kwa sababu mtu akishaanza kulia hawezi kujadiliana bei.

Lakini hata penye karatasi nzuri, sisi watazamaji tuna namna yetu ya kumkata mfiwa. Tunampenda zaidi yule anayerudi.

Hadithi kubwa kabisa ya aina hii ina Kenya ndani yake, na ni Wakenya wachache wa rika langu wanaoijua. Kombe la Dunia la kriketi, Uingereza, Mei 1999. Sachin Tendulkar anapata habari kwamba baba yake, Ramesh, mwandishi na mwalimu, amefariki Mumbai. Anapanda ndege kwenda kuzika. Wakati yuko nyumbani, India inacheza na Zimbabwe huko Leicester na kushindwa kwa mikimbio 3. Mitatu tu. Mama yake na familia wanamwambia arudi, naye anarudi. Tarehe 23 Mei anaingia uwanjani Bristol, na waliosimama mbele yake wakirusha mpira ni Kenya. Wakenya walikula mikimbio 140 kutoka kwa mtu mmoja, tena hakutolewa. Alipofika 100 aliinua uso juu mbinguni.

Ukimwuliza mpenzi yeyote wa kriketi kuhusu siku hizo, atakusimulia ile 140. Ile mechi ya Zimbabwe atakuwa ameisahau, au ataitaja kama shimo ambalo shujaa alikuja kulifukia. Mimi ile ya Zimbabwe ndiyo naipenda. Nchi yenye watu karibu bilioni moja, katikati ya Kombe la Dunia, ilicheza bila mtu wake bora kwa sababu alikuwa anamzika babake. Ikashindwa kwa kidogo sana, na jua likachomoza kesho yake.

Miaka 18 baadaye kuna Isaiah Thomas wa Boston Celtics. Aprili 15, 2017, dada yake mdogo alikufa katika ajali ya gari. Kesho yake kulikuwa na mechi ya kwanza ya mchujo dhidi ya Chicago Bulls. Thomas alicheza, alifunga pointi 33, na alilia hadharani kabla ya mechi kuanza. Alivuka nchi nzima kwenda kumzika, akarudi uwanjani. Mei 2, siku ambayo dada yake angetimiza miaka 23, alifunga pointi 53. Boston ikamwimbia. Na nyonga yake ilikuwa imeumia muda wote huo. Agosti ya mwaka huo huo Celtics walimpeleka Cleveland katika mabadilishano ya wachezaji. Mkataba mnono ambao kila mtu alisema unamngoja haukuja. Mwaka 2018 alisaini Denver kwa mwaka mmoja, kwa kima cha chini cha mchezaji wa uzoefu wake.

Sisemi Boston walivunja sheria. Biashara ni biashara na waliifanya kama wanavyoifanya wote. Nasema tu kwamba yule aliyetoa msiba wake wote kwa timu hakuandikiwa mahali popote kwamba anadaiwa kitu. Ukikosa mechi, kuna mtu mwenye kikokotoo. Ukicheza na maiti iko mochari, kikokotoo hakionekani.

Na kuna Alisson Becker, huyu wetu wa Liverpool, ambaye hata wasiomjua Tendulkar wanamjua. Februari 2021 baba yake alizama kwenye bwawa kusini mwa Brazil. Ilikuwa wakati wa korona, masharti ya usafiri na karantini yakiwa makali, na mkewe alikuwa mjamzito. Alikosa mechi moja. Mazishi aliyafuata kwa video. Mei 16, dakika ya 95, alipanda hadi lango la West Bromwich na kufunga kwa kichwa bao la ushindi. Nilikuwa kwenye ukumbi wa kutazamia mpira Kangemi, na watu wazima walilia pamoja naye, wengine mashabiki wa Manchester kabisa. Baada ya mechi Alisson alizungumza kuhusu baba yake na sauti ikamkatika. Hapo nikaelewa kwamba mechi moja haikuwa imemtosha. Miezi karibu mitatu ilikuwa imepita, na bado mazishi yalikuwa yanaendelea ndani yake, jioni moja ya Jumapili, mbele ya kamera.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya watu wa mbali, na rahisi kwangu ni kubaki huko. Wacha nirudi nyumbani.

Kukhu wangu, aliyenilea mimi na binamu yangu wakati wazazi wetu walikuwa wakitafuta maisha Nairobi, alifariki Jumanne moja ya Agosti. Binamu yangu ni kipa. Wakati huo alikuwa akidakia timu ya ligi ya chini, moja ya zile timu zinazosafiri kwa matatu ya kukodi na kuvalia chini ya mti. Hakuwa na mshahara wa kueleweka. Alikuwa na posho ya mwezi inayokuja ikitaka, na marupurupu ya mechi: shilingi 1,000 ukicheza, 1,500 mkishinda. Ukikaa benchi, 500. Usipokuja, hakuna.

Wanaojua matanga ya kwetu Kakamega wanajua si shughuli ya asubuhi moja. Kuna kamati, kuna mchango, kuna kutoa mwili mochari, kuna mkesha, kuna mazishi yenyewe, halafu kuna siku ya kunyoa, ambapo watu wa nyumba huketi chini na kuzungumza kuhusu aliyeenda, alidai nani, alidaiwa na nani. Ukiondoka kabla ya siku hiyo, utasikia miaka kumi baadaye kwamba uliondoka. Kwetu ilichukua siku kumi na mbili.

Binamu alimpigia kocha. Kocha alimpa pole ya kweli, hata akamtumia shilingi 500 zake mwenyewe. Mechi mbili zikapita. Marupurupu ya mechi mbili yakapita, na posho ya mwezi ilipokuja ilikuwa imemegwa, kwa maelezo kwamba hakufanya mazoezi. Aliporudi alikuta jezi namba moja ina mtu mwingine, kijana mrefu kutoka Mumias ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa hakufiwa mwezi huo.

Mimi nilimwandikia aliyekuwa akinipa kazi kule kwenye tovuti. Alijibu kwa dakika moja. "Pole sana ndugu yangu. Mungu awape nguvu. Uchambuzi wa Jumamosi utafika saa ngapi?"

Nilituma wa siku mbili za kwanza, nikiwa nimesimama chini ya mparachichi ambapo mtandao hushika. Siku ya mkesha sikutuma. Kwa jumla nilipoteza chambuzi 15, yaani shilingi 3,750, na kodi ya chumba changu ilikuwa 4,500. Usiku baada ya mazishi mimi na binamu tulipiga hesabu nyuma ya jiko kwa mwanga wa simu. Alicheka, kile kicheko chake cha kudaka penalti. "Braza," akasema, "sisi tumezika kwa mkopo."

Mtoto wa kwanza wa kukhu, shangazi yetu, ni mwalimu wa kuajiriwa. Aliomba ruhusa, akapewa, na mwisho wa mwezi mshahara wake uliingia kama kawaida. Sasa sikia ulienda wapi. Ulimaliza salio la mochari. Ulilipa nauli yangu ya kurudi. Ulimnunulia binamu glavu, kwa sababu zake zilikuwa zimepasuka na posho haikuwepo. Nyumba yetu ilikuwa na mshahara mmoja tu ambao msiba haukuugusa, na huo mmoja ndio ulibeba yote mengine. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba likizo ya msiba yenye malipo ni zawadi kwa mvivu, naona glavu.

Lakini kitu nilichotaka kusema kilitokea mapema zaidi, Jumatano asubuhi. Binamu alikuwa amechukua shoka, anaelekea kwenye mti mkavu nyuma ya zizi, maana watu walikuwa wameanza kufika na hakukuwa na cha kupikia. Mzee wa boma la jirani akamkuta njiani. Huyu mzee na kukhu walikuwa hawaongei vizuri kwa miaka kwa sababu ya mpaka wa shamba. Akamnyang'anya lile shoka. "Wewe umefiwa," akamwambia. "Mfiwa hatafuti kuni." Kisha akaenda kukata mwenyewe, yeye na wanawe wawili, mpaka saa sita.

Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtu pale aliijua. Mfiwa hapiki, hachoti maji, hatafuti kuni. Kifo kina gharama, hilo hakuna anayelikana. Watu wanakula, mwili unakaa mochari kwa pesa, ng'ombe anahitaji kukamuliwa hata kama mwenye ng'ombe amelala chini akilia. Kitu ambacho wazee wetu walikiamua zamani ni kwamba gharama hiyo igawanywe, na katika mgawo huo aliyefiwa aachwe wa mwisho. Ndiyo maana tunachanga. Ndiyo maana hata adui wa mpaka analeta kuni.

Kumkata mtu mshahara kwa sababu amekwenda kuzika ni kumpa shoka. Ni kumwambia: gharama ya kifo hiki ni yako peke yako, na juu ya kilio chako tunaongeza bili. Unaweza kumkata Williams dola 111,111 au binamu yangu shilingi 1,000, kitendo ni kimoja.

Sheria yetu inasema nini? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo ya mwaka. Inampa mama miezi 3 ya uzazi na baba wiki 2. Kwa msiba haikuweka hata siku moja. Waajiri wengi hutoa, mikataba mingi ya vyama vya wafanyakazi hutaja, lakini ni kwa hiari au kwa nguvu ya chama. Usipokuwa na chama, unategemea moyo wa bosi. Ruka mpaka pale Namanga. Tanzania, katika sheria yake ya ajira ya 2004, kifungu cha 34, iliweka angalau siku 4 zenye malipo mtu akifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu. Siku 4 si nyingi. Zisingetufikisha siku ya kunyoa. Lakini tazama: bibi ametajwa. Aliyeandika kifungu hicho alijua nani hulea watoto wa ukanda huu.

Hapo pa nani ametajwa pana maneno. Karatasi nyingi za kazi husema "familia ya karibu" na kuishia hapo. Julai 2025, Diogo Jota alipokufa ajalini pamoja na ndugu yake, Rúben Neves alikuwa Marekani na Al Hilal kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Alicheza robo fainali dhidi ya Fluminense akiwa na machozi, akapanda ndege usiku, na kesho yake alikuwa Ureno amebeba jeneza begani. Kwenye karatasi, Neves na Jota hawakuwa chochote. Hawakuzaliwa pamoja, hata klabu yao haikuwa moja tena. Lakini yeyote aliyemwona chini ya lile jeneza hakuhitaji kuuliza undugu wao. Ningekuwa mimi naandika kifungu, ningeacha nafasi moja wazi ambayo mfanyakazi mwenyewe anaijaza jina, mara moja kwa mwaka, bila kuulizwa damu.

Najua pingamizi linalofuata, na mtu wa kwanza kuliinua atakuwa bosi mwenye mfanyakazi ambaye shosho yake amekufa mara nne. Sote tunamjua huyo mfanyakazi. Wengine tumefanya kazi naye. Sikatai kwamba watu hudanganya. Lakini Kenya haina upungufu wa ushahidi wa kifo: kuna kibali cha mazishi, kuna tangazo, kuna kile kijitabu cha mazishi chenye picha na orodha ya wajukuu. Besiboli ilitatua jambo hili kwa kuweka idadi ya siku. Mwongo mmoja atapata siku zake 3 na kwenda kunywa. Kwa ajili yake tuwakate wote wanaolia? Hiyo ni sawa na kufunga zahanati kwa sababu kuna mtoto aliyejifanya mgonjwa asiende shule.

Na pingamizi la pesa, lile la kinyozi: tajiri akatwe tu, hataumia. Ni kweli hataumia, na hapo ndipo pana shida. Nyota akikatwa wiki moja, bado ataenda kuzika. Ni kama amenunua tiketi ya bei ghali. Yule wa benchi, aliye timu moja naye, chumba kimoja cha kubadilishia nguo, ambaye mkataba wake unaisha Juni na ana wadogo watano nyumbani, ndiye atakayekaa na kupiga hesabu. Kanuni ya kukata haimzuii mwenye nacho. Inamzuia asiye nacho, halafu tunamwita mwenye moyo wa chuma kwa sababu alicheza.

Kwetu hali ni mbaya zaidi kwa kuwa mara nyingi hata hicho cha kukatwa hakipo. Mwaka 2019 SportPesa ilipoondoa udhamini wake, wachezaji wa Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kubwa kabisa tulizo nazo, walikaa miezi bila mishahara. Ukiwa huko, mtu anayekuja kudai likizo ya msiba yenye malipo anaonekana kama anayeagiza soda kwenye nyumba isiyo na maji. Naelewa. Lakini mambo haya huandikwa kwenye mkataba wakati wa njaa ili yawepo wakati wa shibe. Chama cha wachezaji, KEFWA, kina mambo mengi ya kupigania. Hili ni la mstari mmoja: mchezaji aliyefiwa alipwe posho yake yote, na marupurupu kana kwamba amekaa benchi. Shilingi 500 kwa mechi. Hakuna klabu itakayofilisika kwa hiyo.

Fundi wa mjengo sijamsahau. Alikuwa sahihi kwamba hakuna anayemlipa. Mimi pia hakuna anayenilipa. Vibarua, waandishi wa bei ya reja reja, watu wa bodaboda, sote tunafia na kufiwa kwa gharama zetu. Kile ambacho ningemwambia, matatu ingekuwa haijafika kituo chake, ni kwamba wivu wake umeangalia upande usiofaa. Mchezaji akikatwa, pesa hazimjii yeye. Zinabaki kwa mwenye timu, na mwenye mjengo anaangalia na kujifunza. Siku ambayo itakuwa aibu kumkata mfiwa yeyote, hata tajiri, ndiyo siku fundi ataweza kumwambia msimamizi "nimefiwa" bila kuongeza "samahani."

Binamu yangu alihama ile timu mwisho wa msimu. Hii mpya pia si kubwa, lakini ina ofisi yenye mlango. Walipompa karatasi asaini, aliisoma yote, kitu ambacho katibu alisema hajawahi kumwona kipa akifanya. Kisha akaomba waongeze mstari kuhusu msiba. Katibu alicheka, akamwuliza kama kuna mtu ni mgonjwa. Binamu akasema hapana, wote wazima, ndiyo maana anaomba sasa. Katibu akafikiri kidogo, akatoa kalamu, akaandika kwa mkono pembeni mwa ukurasa: siku 5, posho haikatwi. Wakaweka sahihi zote mbili hapo.

Alinipigia picha ya ule ukurasa akanitumia. Mwandiko ni mbaya, na "posho" imeandikwa kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino. Hajatumia hata siku moja kati ya zile tano. Namwombea ikae hivyo kwa miaka mingi.